Kushuka ni Bure

Lifti ya jengo letu, hapa Gldani, haipandi bure.
Ina kisanduku cha bati chenye mdomo mwembamba.
Hulishwa tetri kumi, huguna, ndipo hupanda.
Kushuka ni bure.

Vazha alikuwa mtu wa chenji.
Kila jioni aliipindua mifuko ya koti
juu ya bakuli la udongo pale mlangoni,
akachambua, za mkate huku, za lifti huku,
kama anayetoa chuya kwenye mchele.
“Nestani,” husema, “siku nikikosa kazi
tutakuwa maskini, ila maskini wanaopanda.”

Aliondoka Jumanne, mwezi wa pili,
na sanduku moja na redio ya marehemu baba yake.
Hakuubamiza mlango. Laiti angeubamiza.
Niliisikia lifti ikimpokea,
tisa, nane, saba,
nikamhesabia hadi chini.
Hata tetri moja hakulipa kuniacha.

Bakuli likabaki, nami nikawa mtu wa ngazi.
Vidato mia na arobaini na vinne,
na gunia dogo la viazi, na koti zito la theluji,
na mapafu ya mwalimu wa jiografia
anayejua urefu wa kila mlima wa Kaukazi
na hajapanda hata mmoja.
Majirani walidhani nabana matumizi.
Kumbe kila sarafu mle bakulini
ilikuwa imepita vidoleni mwake,
na vidole nilikuwa bado sijavitoa.

Husema muda ni dawa.
Dawa gani isiyo na kijiko,
isiyosema asubuhi mara ngapi,
kabla ya chakula au baada?

Mwezi wa nne nilimwona sokoni, peke yake,
akibishana bei ya jibini.
Nikajibanza nyuma ya mapipa ya achari,
na kwa haya ya kusimama pale bure
nikanunua kilo mbili za kabichi ya siki.
Siipendi kabichi ya siki.
Niliila wiki nzima, kwa adabu.

Ghorofa ya tano anakaa Bibi Eteri,
mjane wa dereva wa treni. Mlango wake haufungwi sawasawa.
Alinisikia nikihema, siku baada ya siku,
na hakuniuliza neno.
Asubuhi moja nikakuta kiti kwenye kona ya ngazi,
kiti cha mbao, cha jikoni.
Sauti ikatoka ndani:
“Egemea ukutani. Mguu wa kulia ni mbovu.”

Nimelia kwenye kile kiti.
Si sana. Muda wa kuchemsha yai.
Siku nyingine yai bichi, siku nyingine gumu,
halafu ikaja siku nimekaa pale
nikiwaza mitihani ya darasa la saba,
nikainuka, nikafika juu,
ndipo nikakumbuka kwamba sikulia.

Agosti, lori la matikiti lilisimama uani.
Nilichagua moja kwa kuligonga, kama alivyonifundisha mama,
na tamaa ikanipa la kilo kumi na moja.
Ghorofa ya pili mikono ikagoma.
Nikalirudisha chini, nikaliegemeza kwenye mlango wa lifti,
nikapanda mtupu hadi tisa,
nikatia mkono bakulini.

Sarafu ilikuwa ya baridi.
Niliigeuza. Mbele namba, nyuma namba ya mwaka.
Haikuwa na mtu.

Nikashuka bure, kama wengine.
Nikailisha, ikaguna, tukapanda, mimi na tikiti langu,
nikabonyeza tano.
Bibi Eteri alileta kisu kabla sijamaliza salamu.
Tulikula tumesimama, maji yakitiririka viwikoni,
mbegu tukizitemea kwenye sufuria,
akanisimulia treni za mumewe, ambazo zote zilichelewa.

Sarafu nilikuwa nimechukua moja tu.
Zilizobaki, tano hadi tisa, nilizipanda kwa miguu,
nusu tikiti kwapani, nikihema kama kawaida.
Kile kiti bado kipo konani.
Jumamosi nitapeleka gundi.